Rachel Carson na dawa za wadudu ambazo hakuna aliyezipima

Mutu yeyote anayepita ku soko la Kadutu anazijua zile chupa kidogo. Ziko chini juu ya gunia, pembeni ya sabuni na chumvi. Ndani muko dawa ya kuua kunguni, dawa ya panya, dawa ya kunyunyizia nyanya na mashu. Mara mingi chupa haina karatasi ya kuonyesha jina, na muuzaji anaipima na kifuniko cha chupa ya sukre. Mama ambaye bwana yake iko ku mashimo ya Kamituga ao ya Luhwinja ananunua, anarudia nyumbani, anapuliza mule mule watoto wanalala. Nani alipima ile dawa mbele ifike sokoni? Alipima juu ya nini, na serikali gani ilitia muhuri?

Wasomaji wetu wachimbaji wanajua swali hilo kwa upande mwingine. Ku madini, sheria inataka kibali cha kutafuta mbele ya kibali cha kuchimba, na katikati wanataka masomo juu ya maji na mazingira. Kama inafuatwa ao haifuatwi, hiyo ni habari nyingine, na kila mutu wa Mwenga ataisema kwa namna yake. Lakini kwa dawa za wadudu, kulikuwa wakati ambapo hata katika nchi tajiri kuliko zote hakukuwa kizuizi cha kweli. Mutu aliyelazimisha wakubwa wa nchi ile waangalie jambo hilo ni mama moja asiye na bwana, mwandishi wa vitabu vya bahari, aliyekuwa anakufa na kansere wakati anafanya kazi hiyo. Jina lake Rachel Carson.

Alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 kule Springdale, muji mudogo pembeni ya muto Allegheny, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Ni inchi ya makaa ya mawe na chuma. Pittsburgh, muji wa viwanda vya chuma, haiko mbali. Papa yake, Robert, alinunua shamba la hekta karibu 26 na kutumaini ataliuza vipande vipande kwa watu wa kujenga. Wanunuzi hawakuja kwa wingi. Nyumba haikuwa na maji ya robine. Mama yake, Maria, alikuwa mwalimu mbele ya kuolewa. Sasa alifundisha watoto wa jirani kupiga piano, na siku zingine alitembea na binti yake mudogo katika pori, kumuonyesha ndege na wadudu na kumufundisha majina yao. Rachel alikuwa muzaliwa wa mwisho, nyuma ya dada na kaka. Akiwa na miaka 11 hivi, gazeti la watoto lilitoa hadisi yake ya kwanza na kumulipa.

Wachimbaji wa makaa wa zamani hizo, Marekani na Uingereza, walikuwa na desturi ya kushuka shimoni na ndege kidogo ndani ya kitundu. Hewa mubaya ikiingia, ndege anaanguka wa kwanza, na watu wanakimbia. Ninaitia hapa kwa sababu mbele tutaona ndege wakianguka tena, na safari hii inje ya shimo.

Mwaka 1925 aliingia chuo cha wanawake kule Pittsburgh. Feza za masomo zilikuwa tatizo kila mwaka. Mama yake aliuza kuku na hata vyombo vya nyumba. Rachel alienda kusoma kuandika, lakini mwalimu moja wa biolojia, Mary Scott Skinker, alimugeuza kichwa, akabadilisha masomo. Alimaliza mwaka 1929. Ni mwaka huo aliona bahari kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 22. Kisha akasoma Johns Hopkins kule Baltimore na kupata diploma ya juu ya zoolojia mwaka 1932. Alitaka kuendelea mpaka udokta, lakini feza zilikatika, na jamaa yote ilikuwa imehamia kwake.

Mwaka 1935 papa yake alikufa. Mwaka 1937 dada yake akakufa pia, akaacha mabinti wawili. Basi Rachel, bila bwana na bila mutoto wake mwenyewe, akawa papa wa nyumba ya wanawake wane. Watu wa kwetu wataelewa haraka maana yake: mushahara moja, midomo mingi. Alikuwa amepata kazi ya kuandika mazungumuzo ya redio juu ya samaki kwa biro ya serikali ya uvuvi. Mwaka 1936 alifanya mutihani wa kazi za serikali, akashinda wote, na kuandikwa kama mutu wa biolojia. Alibaki pale mpaka 1952, na mwishoni yeye ndiye alikuwa mukubwa wa maandishi yote ya idara. Usiku aliandika vitabu vyake. Kile cha mwaka 1951 juu ya bahari kilinunuliwa na watu wengi sana, kikabaki zaidi ya mwaka mumoja na nusu ku orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi. Ndipo akaacha kazi ya serikali. Angeweza kukaa kwa amani pembeni ya bahari ya Maine mpaka uzee.

Sasa tuingie ku dawa yenyewe.

Mwaka 1939, mukemia moja wa Uswisi, Paul Müller, aliona kwamba DDT inaua wadudu. Wakati wa vita iliokoa askari na raia kwa kuua chawa wanaoleta tifusi. Kule Napoli, Italia, walipuliza watu wengi sana unga huo. Ikasaidia tena kupiganisha mbu wa malaria. Müller alipata tuzo ya Nobel mwaka 1948. Mwaka uleule, hapa kwetu, utawala wa Wabelgiji ulitumia avio kumwanga DDT kule Léopoldville juu ya nzi wadogo wa maporomoko ya muto, wale wanaoleta upofu. Nzi waliisha. Hatuwezi kudharau matokeo kama hayo. Lakini ni nani katika wakaaji wa Kinshasa ya wakati ule aliyeulizwa kama anakubali?

Rachel alikuwa na habari mapema. Mwaka 1945, wenzake wa idara walikuwa wanajaribu DDT kule Patuxent, Maryland, kuona inafanya nini kwa ndege na samaki. Aliandikia gazeti kubwa moja, Reader's Digest, kuwapa habari ya majaribio hayo. Walikataa. Wakati huohuo DDT ilikuwa inaanza kuuzwa kwa raia wote katika maduka.

Mwaka 1947 Marekani ilitunga sheria ya dawa za wadudu. Mutengenezaji alipaswa kuandikisha dawa yake ku wizara ya Kilimo mbele ya kuiuza kutoka jimbo moja mpaka lingine. Inaonekana vizuri, lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, aliyepima ni wizara ileile yenye kazi ya kuongeza mavuno. Samaki, ndege na wafanyakazi wa shamba hawakuwa na mutu wa kuwatetea pale mezani. La pili ni la ajabu. Wizara ikikataa dawa, mutengenezaji alikuwa na haki ya kuandikisha kwa kupinga: anaandika kwamba hakubali, dawa inauzwa vilevile, na ni serikali inayopaswa kuhangaika kwenda mahakamani kuonyesha kwamba ni mubaya. Ni sawa vile mutu anyimwe kibali cha kuchimba, aandike barua ya kusema anakataa kukataliwa, na kesho yake ashuke shimoni na watu mia. Mimi nilisoma kipande hicho cha sheria mara mbili, nilizani nimekosea.

Na serikali yenyewe ilikuwa mumwagaji mukubwa. Mwaka 1957 avio zilimwanga DDT iliyochanganywa na mafuta juu ya Long Island, karibu na New York, kuua viwavi wa miti. Ilianguka juu ya bustani, juu ya malisho ya ngombe wa maziwa, juu ya watu. Wakaaji walipeleka serikali mahakamani. Walishindwa, na mwaka 1960 mahakama kuu ilikataa hata kusikiliza. Mwaka huo wa 1957 wizara ya Kilimo ilianza pia vita na sisimizi wa moto katika majimbo ya kusini, na dawa mbili, dieldrin na heptachlor, zenye ukali kupita DDT, juu ya inchi kubwa sana. Hawakupima kwanza zitafanya nini kwa wanyama. Walianza kumwaga, kisha wakahesabu maiti. Tunaweza kusema jaribio lilikuwa ni kazi yenyewe, na waliojaribiwa hawakujua.

Mwezi wa kwanza 1958, rafiki yake Olga Huckins wa Massachusetts alimuandikia: avio ya kuua mbu ilipita juu ya nyumba yake, na ndege wakafia mulangoni. Rachel alitafuta mwandishi mwingine wa kuandika jambo hilo. Hakumupata. Mwaka uliotangulia mutoto wa dada yake alikufa na kumuachia kijana wa miaka 5, Roger, ambaye alimuchukua kama mwana wake. Mwishoni mwa 1958 mama yake naye akakufa. Katika nyumba hiyo yenye kilio ndimo kazi ilianza.

Alifanya kazi kama mutu anayechota muchanga kwa bakuli kutafuta zahabu, chembe kwa chembe. Aliandikia watu wa sayansi wa nchi mingi. Wafanyakazi fulani wa serikali walimupatia karatasi kimyakimya. Kati ya waliomusaidia kuko munganga Wilhelm Hueper, wa taasisi ya serikali ya kansere, na huyo wachimbaji wanapaswa kumujua. Alikuwa ameandika juu ya kansere ya mapafu ya wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, na alipotaka kusema juu ya wachimbaji wa uranium wa Colorado, wakubwa wa nguvu za atomu walimufunga kinywa. Ni uranium, wasomaji. Sisi wa nchi ya Shinkolobwe hatuhitaji kuelezwa. Hueper alimuonyesha Rachel namna sumu inaweza kukaa katika mwili miaka mingi mbele ya kuonekana.

Mwezi wa kumi na moja 1959, waziri wa Afya wa Marekani alitangaza kwamba matunda fulani mekundu, yanayoliwa na karibu kila nyumba ku sikukuu yao ya shukrani, yameonekana na dawa ya majani inayoleta uvimbe kwa panya. Sikukuu ilikuwa karibu. Biashara ilianguka, wakulima walilia. Rachel alikuwa mujini akifuata mazungumuzo. Aliona namna watu wa viwanda wanajitetea: hakuna mutu aliyekufa bado, basi hakuna shida.

Mwaka 1960 walimukata ziwa. Munganga wake hakumuambia ukweli. Zamani zile waganga walimuambia bwana, na Rachel hakukuwa na bwana. Alijua kansere yake mwisho wa mwaka, wakati ilikwisha kutembea. Alipita katika mishale ya mashini ya radiyo, alikaa siku mingi bila kuweza kutembea, macho yalimuuma mpaka hakusoma. Na alificha yote. Aliogopa kwamba watu wa viwanda wakijua, watasema mama mugonjwa anajilipiza kisasi. Katika kitabu kizima, chenye mulango juu ya kansere, hakutia neno moja juu ya mwili wake. Mutu anaweza kujiuliza kama ilikuwa vizuri kuficha hivyo. Mimi ninaona alijua vita yake.

Kitabu kilianza kutoka vipande vipande katika gazeti la New Yorker mwezi wa sita 1962, na kizima mwezi wa tisa. Jina lake, Silent Spring, linasema juu ya majira ya kuchipuka ambayo ndani yake hakuna ndege anayeimba. Nyuma alitia kurasa zaidi ya 50 za kuonyesha kila habari imetoka wapi. Hakusema watu waache dawa zote za wadudu. Hilo ni uongo ambao unamufuata mpaka leo. Alisema sumu zenye nguvu zimetiwa katika mikono ya watu wasiojua ukali wake, juu ya watu wasioulizwa, na uchunguzi wa mbele ni kidogo ao hakuna. Alisema pia kwamba wadudu wanazoea dawa, na kuimwaga kila mahali bila kipimo kunaiharibu ile yenye ingesaidia kweli. Hapa Kivu, malaria inauwa watoto wetu kila mwaka, neno hilo la mwisho si mazungumuzo ya wazungu.

Majibu yalikuja kama mawe. Kiwanda kimoja kiliandikia wachapishaji kuwatisha na mahakama. Kingine kilitoa hadisi ya kuchekesha juu ya dunia inayoliwa na wadudu. Watu wa kemia walitumia zaidi ya dola 200 000 kumupinga. Wengine walimuita mwanamuke wa hofu, wengine mukomunisti, na wengine waliuliza mwanamuke asiyezaa anajali nini vizazi vitakavyokuja. Roger, kijana wa miaka 10, alikuwa chumba cha pili.

Bahati ilimusaidia pia, tusiifiche. Katika majira hayohayo ya 1962, Wamarekani walijua habari ya thalidomide, dawa ya usingizi iliyofanya watoto wazaliwe Ulaya bila mikono ao miguu. Haikuuzwa Marekani kwa sababu mama moja wa biro ya serikali ya kupima dawa, munganga Frances Kelsey, alikataa kutia sahihi mpaka aone majaribio ya kutosha. Basi watu wakaona kwa macho tofauti kati ya mukaguzi anayekagua na mukaguzi wa jina tu.

Tarehe 29 Agosti 1962 mwandishi wa habari alimuuliza Rais Kennedy juu ya dawa hizo. Alijibu kwamba serikali yake inaliangalia jambo, tangu kitabu cha mama Carson. Komite ya wanasayansi wake ilifanya kazi miezi minane na zaidi. Tarehe 3 Aprili 1963 televizyo ya CBS ilimuonyesha Rachel, ametulia, anasema polepole, na mbele yake mukemia wa kampuni moja katika kanzu nyeupe anayepaza sauti. Watangazaji watatu kati ya watano walikimbia programu hiyo mbele ionyeshwe. Tarehe 15 Mei 1963 raporo ya komite ilitoka. Ilimupatia haki mambo makubwa: majaribio ya sumu hayatoshi, matokeo yake yawe wazi kwa watu, wizara za Afya na za wanyama ziwe na sauti, na ule mulango wa kuandikisha kwa kupinga ufungwe.

Tarehe 4 Juni 1963 alikaa mbele ya komite ya Sena, inayoongozwa na seneta Ribicoff. Kansere ilikwisha kufika mifupa. Alivaa nywele za bandia, na waliokuwa pale hawakujua ni kwa nini anatembea vile. Aliomba mambo ya mutu wa kazi: watu waambiwe mbele ya kumwagiwa dawa; dawa kali ziuzwe tu kwa wanaojua kuzitumia; kibali kisibaki katika mikono ya wizara ya Kilimo peke yake; na raia awe na haki ya kukaa katika nyumba yake bila sumu ya mutu mwingine kuingia.

Alikufa tarehe 14 Aprili 1964, kule Silver Spring, Maryland, akiwa na miaka 56. Sehemu ya majivu yake iko pembeni ya kaburi la mama yake, sehemu nyingine ilitupwa baharini kule Maine.

Tarehe 12 Mei 1964, hata mwezi haukutimia, sheria ya kufunga mulango wa kuandikisha kwa kupinga ilitiwa sahihi. Mwaka 1970 kazi ya kupima dawa za wadudu iliondolewa ku wizara ya Kilimo na kupewa biro mupya ya mazingira. Biro hiyo ilisikiliza mashahidi miezi saba juu ya DDT. Mukaguzi wa kusikiliza aliona ibaki, lakini mukubwa wake, William Ruckelshaus, aliikataza kwa karibu kazi zote mwezi wa sita 1972. Mwezi wa kumi wa mwaka huo sheria iliandikwa mupya: mutu anayetaka kujaribu dawa isiyoandikishwa katika shamba lazima aombe kibali cha jaribio, aseme eneo gani, dawa kiasi gani, muda gani. Na tangu 2006 kuko komite ya watu wa inje inayosoma mipango ya majaribio yanayowekea watu sumu ao dawa ya kufukuza mbu ku ngozi, mbele hayajaanza. Kwa watoto na wanawake wenye mimba ni marufuku kabisa.

Kongo yetu imeingia ku mapatano ya Stockholm juu ya sumu zisizooza. Ndani yake DDT inaruhusiwa kwa mbu wa magonjwa tu, na dieldrin na heptachlor ziko ku orodha ya zile za kuondolewa. Kule Mulungu, saa moja hivi kutoka Bukavu, kituo cha INERA kingali kinajaribu mbegu katika vipande vya shamba vilivyopimwa kwa kamba. Ku Kadutu, siku ya juma ya pili iliyopita, nilimuuliza muuzaji jina la dawa iliyo katika chupa yake. Alisema ni ile kali. Niliuliza tena kali ya nini, akaniangalia kama mutu anayemupotezea wakati, na akamupimia mama aliyekuwa nyuma yangu vifuniko viwili.